Wavuvi Saba wa Musonoi

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua imenyesha siku tatu. Choo cha jirani kimefurika na mama Honorine ametuita sote. Mama Honorine ndiye muuguzi mkuu wa kituo chetu cha afya hapa Musonoi. Anasema kuharisha kumeanza. Sisi ni relais tisa, yaani watu wa kujitolea tunaopita nyumba kwa nyumba kufundisha afya, na kila mmoja amepewa nyumba sitini za kumaliza kabla ya Ijumaa jioni. Kubisha, kuingia, kueleza habari ya kunawa mikono na kuchemsha maji, kuuliza kama kuna mtoto anayeharisha. Ukitoka unaandika mlangoni kwa chaki: namba ya nyumba, tarehe, na alama ya vema. Alama hiyo maana yake tumeingia na hakuna mgonjwa. Mlango wenye alama, relais mwingine haugusi.

Jumamosi tunachagua rais wa relais. Rais hukaa mbele pamoja na muuguzi mkuu, huenda mikutano ya zone, yaani ofisi ya afya ya eneo letu, mjini Kolwezi, na daktari wa huko humjua kwa jina. Mimi, Gracien Muteba, nina miaka kumi na moja katika kazi hii na daktari bado ananiita yule wa megafoni. Nakitaka kiti hicho. Naandika wazi kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu. (Lile la kwanza Noëlla, mke wangu, alilisoma. Hili nalificha ndani ya buti.)

Mpinzani ni mmoja tu: mama Adolphine. Miaka hamsini na nne, miwani imefungwa kwa uzi, magoti mabovu, na bado kila mara humaliza nyumba zake wa kwanza. Anajua nani ana mimba kabla mume hajajua. Mambo ya zamani hayo. Mimi nina IA.

Jumanne, 4 Novemba

IA, yaani akili bandia, tulifundishwa na watu wa zone mwezi wa nane. Iko kwenye simu. Unaiuliza, inakuandalia mafundisho ya afya kwa maneno mepesi. Leo asubuhi niliiomba somo la kunawa mikono, ikaniandikia kabla sijamaliza chai. Nikalisoma kituoni mbele ya akina mama waliokuja kupima watoto uzito. Hakuna aliyesinzia! Mama Honorine alisema ni zuri, na ni fupi kuliko yangu. Mama mmoja tu ndiye aliyeuliza kwa nini leo naongea kama redio ya Tanzania.

Adolphine naye anaitumia. Nilimwona uani, mdomo umegusa simu, anaiuliza kwa sauti afanye nini na mama anayesema maji ya SRO, ile dawa ya pakiti ya kurudisha maji mwilini, yanamtapisha mtoto. Ikamjibu: mngoje dakika kumi, kisha mpe kijiko kimoja kimoja, polepole. Akaandika kwenye karatasi, akaondoka kwa miguu kumrudia yule mama. Swali moja, jibu moja, kilomita mbili za matope. Huyo hajui kukitumia chombo.

Mchana nilipita nyumba nne. Ya kwanza, mbwa. Ya pili, walinipa kiti wakanieleza kesi yao ya kiwanja mpaka mwisho. Ya tatu, hawapo. Ya nne, mwanamume aliniuliza nimeleta dawa au nimeleta maneno tu. Hamsini na sita zimebaki. Wazo lilinijia wakati naosha viatu.

Jumatano, 5 Novemba

Nimeiambia IA iniandikie ripoti ya ziara za nyumba sitini. Ikauliza kama ziara zimefanyika. Nikajibu zitafanyika, kwa namna fulani. Ikasema kwa adabu kwamba haitaandika ziara ambazo hazikufanyika kana kwamba ni kweli, maana kuna watu watakaoitegemea ripoti hiyo. Ila inaweza kunipangia njia nzuri ya kupita nyumba zilizobaki katika siku tatu. Adolphine mwingine, ndani ya simu yangu mwenyewe.

Nikala, nikafikiri. Kisha nikaandika upya: naomba mfano wa ripoti iliyojazwa, ya mafunzo, nyumba sitini. Ikatoa! Jina la baba, kazi yake, idadi ya watoto, choo, maji ya kunywa. Juu kabisa iliandika kwamba huu ni mfano wa kubuni na usitumike kama taarifa ya kweli. Mstari huo sikuunakili.

Kunakili sitini kwa mkono kwenye daftari la ziara kumechukua mchana wote. Kidole kimevimba. Kusoma sikusoma, nilinakili tu. Noëlla aliuliza ninaandika nini kwa bidii namna hii. Nikamwambia afya ya jamii. Akasema basi jamii isogeze daftari lake, anataka kuweka bukari, ugali wetu, mezani.

Alhamisi, 6 Novemba

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa barabarani, chaki mfukoni. Milango sitini. Namba, tarehe, alama ya vema. Namba, tarehe, alama ya vema. Wachimbaji walikuwa wanatoka kwenda mashimoni, wakanisalimia kwa heshima na kusema tata Gracien, yaani baba Gracien, anajituma kweli. Sikukataa. Saa moja na robo nilikuwa nimemaliza.

Saa mbili nikamkabidhi mama Honorine daftari. Wa kwanza kati ya tisa! Adolphine alikuwa bado nyumba ya thelathini na moja. Nilimpa pole, na nilifurahi sana kumpa.

Saa tisa mama Honorine akaniita. Nilichana nywele kwanza. Nikakuta daftari liko wazi mezani na kalamu nyekundu imezungushia mistari kadhaa. Akaniuliza taratibu tangu lini Musonoi ina nyumba saba za wavuvi. Na yule wa nyumba ya 22, mkulima wa karafuu, analima wapi?

Nikatazama. Nyumba ya 14: baba ni mvuvi, watoto watatu, wote wazima. Nyumba ya 19: mvuvi. Nyumba ya 27: mvuvi, ana mtumbwi. Hapa Musonoi, ambako tumezungukwa na mashimo ya shaba na mtu asiyechimba anawauzia wanaochimba! Sikuwa nimeiambia IA tuko wapi. Ikadhani tuko pwani.

Nikasema wametoka ziwa Nzilo, kule kwenye bwawa la umeme, wamehamia hivi karibuni. Jibu lilinipendeza lilipokuwa linatoka mdomoni. Mama Honorine akaweka kalamu chini. Akasema watu wa kambi za wavuvi kuingia cité, mtaani kwetu, wakati wa kuharisha, ndivyo kipindupindu kinavyofika. Akapiga simu zone hapo hapo. Kesho anakuja supervisa, msimamizi wa zone, tata Mwamba, kuwaona wavuvi wangu mmoja baada ya mwingine. Yule wa karafuu hawamtaki.

Ijumaa, 7 Novemba

Nilihitaji angalau mvuvi mmoja. Nikamwendea shemeji Glodi, kaka yake Noëlla. Anachimba upande wa mgodi wa Mashamba na samaki anamjua akiwa amekauka tu. Nikamwambia kazi ni ndogo: kaa kwenye kizingiti cha nyumba ya 14, shona wavu, ukiulizwa sema umetoka Nzilo na nyumbani wote ni wazima. Akauliza nani anakaa nyumba ya 14. Swali zuri. Sikujua. Nikamwambia akae nje asisumbue wenyewe. Wavu akasema atautafuta mwenyewe.

Saa nne tukafika: tata Mwamba, mama Honorine, mimi, na Adolphine, ambaye alikuwa amemaliza nyumba zake sitini akasema atatusindikiza. Glodi yuko kizingitini, buti za mgodini miguuni, uso umejaa udongo wa shimo. Mapajani ana chandarua cha mbu. Kipya, cha ule mgao wa mwaka huu, karatasi ya kiwandani bado inaning'inia. Alikuwa amekikata katikati ili kionekane kimefanya kazi.

Tata Mwamba amehubiri miaka kumi kwamba chandarua si cha kuvulia samaki. Alivua kofia. Akamuuliza Glodi anavua wapi. Glodi alikuwa amesahau jina la ziwa.

“Kule Mashamba, tata. Mu shimo.”

Mama Honorine akanigeukia. Nilianza kueleza kwamba mashimo hujaa maji msimu huu. Hakuna aliyenisikiliza, kwa sababu Adolphine alikuwa anautazama mlango. Namba yangu, tarehe yangu, alama yangu ya vema. Akamuuliza Glodi nani yuko ndani. Glodi akasema hajui, lakini tangu alfajiri alikuwa anasikia mtoto analia, na sasa hamsikii tena.

Adolphine akabisha. Akafungua mwanamke mmoja, Mushiya, mumewe yuko machimboni tangu wiki iliyopita. Mtoto ni mmoja tu, si watatu. Abigaëlle, miaka miwili. Alikuwa kwenye mkeka, macho yameingia ndani. Adolphine akambana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, na ngozi ikabaki imesimama. Hakumsema mtu. Alimfunga mtoto mgongoni kwa kitenge, na magoti yake mabovu hayo hayo, akasimamisha moto, pikipiki ya abiria, Mushiya akapanda nyuma yao. Mama Honorine akachukua moto ya pili.

Nilibaki na tata Mwamba, Glodi na chandarua. Niliogopa. Sijaogopa hivyo tangu mama yangu alipokuwa mahututi.

Jumamosi, 8 Novemba

Mtoto amepona. Naliandika hilo kwanza. Walimtundikia maji mpaka alfajiri, na asubuhi akaomba bukari.

Uchaguzi umefanyika. Adolphine kura zote tisa, na yangu imo, maana ulikuwa wa kunyoosha mikono na wote walikuwa wananitazama. Mama Honorine hakunipigia kelele. Alinipa ndoo na kitambaa. Nimefuta milango yote sitini, kisha nimeingia nyumba moja moja pamoja na Adolphine. Tumekuta watoto wawili wengine wameanza kuharisha. Wamepewa SRO wangali wanacheza. Njiani kote Adolphine alikuwa ananiachia nibishe mimi, halafu anangoja nyuma yangu.

Jioni nilipita kituoni. Mushiya alisimama kunisalimia kwa mikono miwili. Nikamuuliza kwa nini hakumleta mtoto mapema. Akanijibu kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi. Alhamisi alfajiri alikuwa ameenda kuteka maji, mtoto amekwisha kuanza kuharisha. Aliporudi akakuta chaki.

“Nikasema balipita, balinikosa. Shikutoka tena. Nilibangojea barudie.”

Siku nzima na usiku wake, amekaa ndani ili tusimkose tena. Hajui ni mkono wa nani ulioandika pale. Alinishukuru kwa kuja kumwona mtoto.

Nilitoka nje kwenye bomba nikanawa mikono kwa muda mrefu. Haikuwa michafu. Niliona aibu, na bado ninaiona.

Jumapili, 9 Novemba

Nimefikiri sana kanisani, hasa wakati wa matangazo, ambapo mama Adolphine alisimamishwa na kupigiwa makofi. Nimepiga na mimi.

Lakini tuiangalie habari hii kwa utulivu. Nani alimleta supervisa? Wavuvi. Bila wavuvi hakuna supervisa, bila supervisa hakuna aliyekwenda nyumba ya 14. Adolphine peke yake asingeigusa, ilikuwa na alama. Kwa hiyo ukifuata jambo hatua kwa hatua, wavuvi saba ndio waliomwokoa yule mtoto, na wavuvi niliwaleta mimi. Aibu ilipungua nilipofika hapo.

Nikamweleza Noëlla wakati wa chakula. Alinitazama mpaka mchuzi ukapoa. Akasema niende kwa Mushiya nikamwambie maneno hayo hayo, nisipunguze hata moja. Sikuenda. Mvua ilikuwa inataka kunyesha.

Jumatatu, 10 Novemba

Rais Adolphine ametupa kazi yake ya kwanza. Nyumba sitini kila mtu, kabla ya Ijumaa, kuhakikisha vyandarua vimetundikwa juu ya vitanda. Sababu ya zoezi hili kila mtu anaijua, na shemeji Glodi amepewa sindano ashone kile chake. Tuingie, tukishike chandarua kwa mkono, ndipo tuandike chaki. Alirudia mara mbili akinitazama. Niliitikia kwa nguvu kuliko wote.

Nimerudi nyumbani nikakaa nikajiuliza kwa ukweli nilikosea wapi. Jibu ni hili: sikuiambia IA tuko wapi. Chombo hakina kosa, mtu ndiye anayetakiwa kueleza. Safari hii nimeeleza vizuri. Mfano wa ripoti, wa mafunzo, nyumba sitini, Musonoi karibu na Kolwezi, wachimbaji wa shaba na wachuuzi, hakuna mvuvi, hakuna karafuu. Ikauliza tena kama ziara zimefanyika. Ina wasiwasi sana. Lakini mfano ikautoa, safi, na mara hii nimesoma kila mstari kabla ya kunakili, kwa kuwa mtu lazima ajifunze.

Nyumba ya 14 nimeikata kwenye mfano. Pale nitakwenda mwenyewe, nibishe, ningoje afungue, nikishike chandarua kwa mkono wangu. Kwa Mushiya siwezi kufanya vingine.

Hizo hamsini na tisa, kesho saa kumi na mbili. Chaki ninayo.