Ombi Kwamba Askari Wachukue Pia Gari za Kijivu

Bunia, mtaa wa Mudzipela, mwaka 2003

Kwa Mheshimiwa Komanda wa mji,
yeyote atakayekuwa amekaa kwenye kiti siku barua hii itakapofika

Jambo: gari ya ndoa ya binti yangu, na rangi yake

Mheshimiwa,

Kwanza nakusalimu kwa heshima yote, na kama umeingia mjini juma hili, karibu sana. Jina lako sikuliandika, lakini si kwa dharau. Barua hii nilikwisha kumwandikia komanda aliyekutangulia, na kabla yake yule mwingine, na kwa kufuta jina na kuandika jina karatasi ikaanza kutoboka. Nikaona afazali niheshimu kiti.

Mimi ni Anaclet Kamate, fundi wa rangi za gari. Jumamosi hii binti yangu Ketsia anaolewa na Vital, kijana wa Butembo, na tangu akiwa mutoto nilimwahidi kwamba siku hiyo atafika kanisani ndani ya gari ya rangi ya fedha, iliyopakwa na mkono wangu mwenyewe. Gari iko, ile Corolla yangu ya zamani. Rangi iko pia, kopo moja ya fedha yenye chembe zinazong'aa, labda ya mwisho katika Bunia nzima, nimeificha ndani ya gunia ya maharagi. Kinachozuia ni askari wako. Malalamiko yangu ni haya:

1. Askari wako wanabagua. Wanachukua gari inayong'aa, wanaacha isiyong'aa. Sisemi wasichukue gari. Hiyo ni kazi yao, na mimi si mtu wa kuingilia kazi ya mwenzangu. Nasema wachukue bila upendeleo. Kwa sababu ya tabia hiyo watu wamegundua ujanja: wanakuja kwangu, wananiomba nisugue rangi yao nzuri, nipake apprêt, yaani ile rangi ya chini ya kijivu isiyo na mng'ao, halafu niishie hapo. Niishie hapo, Mheshimiwa! Nani anamwita fundi cherehani akate kitenge tu, asikishone?

Leo mji wote ni kijivu na hakuna anayetambua gari yake. Jumapili, kisha misa, jirani yetu Alphonsine aliingia ndani ya gari akidhani ni ya bwana yake, akaanza kumsema huyo bwana yake, mambo ya chumbani, mambo ya mama mukwe, mpaka walipofika kwenye mzunguko wa barabara ndipo akageuka na kuona kwamba anayeendesha ni katekista Antoine. Katekista hakuwa amesema neno. Nadhani alitaka kusikia mwisho. Aibu hiyo yote imetoka bariyerini kwako, pale askari wanapofunga njia. Kwa hiyo naomba askari wachukue pia gari za kijivu. Wakichukua chache tu mbele ya watu, kila mtu ataona kwamba kijivu haimkingi, na atarudi kwangu nimalizie kazi.

2. Wamenigombanisha na bibi yangu, mama ya Ketsia. Madeleine hataki kusikia habari ya rangi ya fedha. Juzi alikaa juu ya lile gunia ya maharagi tangu asubuhi, akaniambia: "Anaclet, weye unataka kuolesha mutoto, ao unataka kupambia basoda gari?" Basoda, yaani askari wako. Corolla imesimama uani na apprêt yake, na kila nikiipita navuta pumzi. Ketsia nimemwona akiipangusa vumbi na kitambaa cha mezani.

3. Sasa nakuja kwa gari yako wewe, ile unayoirithi pamoja na kiti, na unisamehe, maana inaniuma. Sijui nani alikupakia mlango wa kushoto. Chini ya rangi ya fedha tunaweka apprêt ya kijivu nyepesi, iliyo sawa kila mahali. Huyo mtu aliweka ile nyekundu ya kuzuia kutu! Fedha ni rangi nyembamba, haijui kuficha siri. Nyekundu imepanda juu, na mlango unafanana na samaki iliyochomwa upande mmoja. Halafu rangi akaikata palepale mlango unapoishia. Fedha haikatwi. Unaivusha mpaka kwenye ubavu ulio jirani, kila mpulizo mwepesi kuliko uliotangulia, mpaka jicho lipoteze mahali ilipoanzia, ndipo unafunika yote na vernis, ile rangi angavu ya juu kabisa. Nawaza wakati mwingine kwamba kama mipaka yenu na wale wa upande mwingine ingepakwa hivyo, bariyeri zingekosa mahali pa kusimama. Lakini hiyo si kazi yangu. Kazi yangu ni kukuambia kwamba adui anakutambua kwa ule mlango toka mbali, na ningekuwa adui hata mimi ningeupiga risasi. Ulete, nitaurekebisha bila kukudai kitu.

4. Mnapigana bila kutoa habari. Mara ya mwisho nilipopaka fedha kweli kweli, mlianza nikiwa katikati ya ubavu. Fundi hasimami katikati: mkono ukisita, chembe zinalala vibaya, doa linabaki milele. Nilimaliza ubavu, risasi zikipita juu ya bati, ndipo nikakimbia. Madeleine na watoto walikuwa wamekwisha kufika mbali sana, na mpaka leo hajanisamehe. Kisha malori yenu yakapita mbio, vumbi lote likalala juu ya vernis mbichi. Mngekubaliana na wenzenu mtoe tangazo kwenye redio, kwamba kesho mtapigana kuanzia saa sita, siye mafundi tungepaka asubuhi, na kila mtu angefanya kazi yake kwa raha. Na lori lipite polepole Mudzipela.

5. Kuhusu Jumamosi yenyewe: naomba askari wa bariyeri ya njia ya kanisa wafumbe macho gari ya fedha ikipita. Wakishindwa kabisa, basi wachukue ile itakayoitangulia, ya shemeji Eugène. Ni ya kijivu, inawaka vizuri, na funguo itakuwa ndani. Yeye mwenyewe bado sijamwambia.

Naishia hapa nisikuchoshe. Wasalimie askari wote wa bariyeri na bibi zao, msalimie komanda aliyekutangulia kama unajua aliko, na yule atakayekufuata umwachie barua hii juu ya meza. Nabaki mimi mwenye kutii, kwa sasa, kiti chako,

Anaclet Kamate
fundi wa rangi za gari, nyuma ya soko

P.S. Mheshimiwa, nilikuwa natafuta bahasha, askari wako wakaingia uani. Wamechukua Corolla na apprêt yake. Barua hawakuisoma, ni wazo lao wenyewe. Mkubwa wao alinieleza kwa adabu kwamba amri imebadilika: gari inayong'aa inaonekana toka mlimani, ya kijivu ndiyo ya vita. Kwa hiyo namba 1 naomba uifute yote. Namba 5 uifute pia, maana Eugène ameisoma akichungulia juu ya bega langu.

Habari imekwisha kuenea. Sasa hivi kwenye mlango wangu kuna watu mpaka sokoni, wote wanataka fedha, leo leo, na Madeleine mwenyewe ndiye amefungua gunia akanipa kopo. Ningepaswa kufurahi. Lakini Ketsia amekaa pale gari ilipokuwa imesimama. Jumamosi saa nne, kama siku hiyo Corolla haina safari ya vita, mwambie dereva wako ampitie hapa, amfikishe mbele ya kanisa, kisha aendelee na kazi yake. Aje nayo kijivu hivyo hivyo. Sitaigusa, na juu ya rangi sitasema neno.