Goti Langu na Sinia Tatu za Pilau

Jamani, nakiri: goti langu la kulia ni bovu. Miaka yote hii mkiniona nachechemea, nasingizia kiatu. Leo, arusini Nangurukuru, goti limenitangaza lenyewe.

Tulikaa mkekani, wanawake sita kwa sinia moja. Tukala, tukanawa, wenzangu wakainuka kupisha wengine. Mimi? Goti likagoma. Badala ya kuomba mkono, nikatabasamu kama mwenye shughuli. Kundi la pili likaketi. Nikala nao. (Ningefanyaje? Nimekaa mbele ya pilau!) Likaja la tatu. Nikala tena, kwa adabu, matonge madogo madogo.

Ndipo shangazi yangu, mama wa bi arusi, akanisimamia na birika la kunawia.

"Mwanangu, huko chuo kikuu unakofundisha hawakulishi? Kuna watu hawajala!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Shangazi, siwezi kuinuka."

"Kwa pilau yote ile, nani angeweza?"

Wakaninyanyua wanne, kwa kanga, kama jokofu.

Nikaona niseme yote. Daktari wangu wa Dar alichukua seli gotini mwangu, zikapelekwa ng'ambo zikuzwe ziwe gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, kisha nipandikizwe. Kipande cha kwanza kiliundwa na wataalamu kwa mikono. Kikaingiwa na vijidudu, kikafa. Cha pili kimekabidhiwa mashine: inazipanga seli tabaka juu ya tabaka ndani ya sanduku lililofungwa, hakuna mtu anayegusa. Nasubiri jibu. Kikifa na hicho, basi tena, seli zimekwisha.

Shangazi akalitazama birika lake. "Kumbe wale wa kwanza hawakunawa?"

(Nimesoma miaka mingi. Nikakinga mikono, nikanawa tena.)

Simu ikaita. Daktari! Ngoma ilikuwa kubwa, nikaweka spika.

"Mama, mashine imemaliza. Kipande ni kizima na kiko hai! Njoo tukupandikize."

Vigelegele! Hata bi arusi hakupigiwa vile. Wale wale walionicheka wakanikumbatia, nami nikalia mbele za watu. Namshukuru Mungu, nawashukuru wale wanne wa kanga, naishukuru na mashine nisiyoijua hata sura.

"Ila mama," daktari akaendelea, spika bado iko wazi, "kabla ya upasuaji tupunguze uzito. Wali kidogo tu, tafadhali."

Shangazi akainama kwenye simu.

"Umechelewa, daktari! Yuko sinia ya tatu!"