Duara la Simu la Masalu

Jumatatu, 1 Julai 1996

Leo Bariadi imeonja maendeleo, na aliyeionjesha ni mimi, Masalu! Simu kuukuu tano za kuzungusha mkono nimezifunga kwenye maduka matano ya wanunuzi wa pamba. Soko huria linataka habari za chapuchapu. Waya unatoka kwangu hadi kwa Mzee Mboje, kisha Salvatory, Apolonia, Kasmiri, halafu unarudi kwangu. Duara kamili! Maneno yanakwenda upande mmoja tu, yasije yakagongana. Anayepokea anampigia wa mbele yake.

Mzee Mboje nimemweka wa kwanza baada yangu, kwa heshima. Ndiye baba yake Nyanjige. Jumamosi ataamua amwoze nani, mimi au Anatoli fundi redio. Anatoli anatangaza kwamba nyaya zote zingekutana katikati, kwa mtu mmoja wa kuunganisha. Nikamwuliza, na huyo mtu akienda chooni? Akarudi kwenye redio zake!

Jumatano, 3 Julai

Hitilafu ndogo. Mbuzi ameingia stoo ya Mzee Mboje, anakula mbegu za pamba. Mzee alitaka kuniambia nifunge mlango wangu wa uani, ndiko anakopitia. Tunatenganishwa na ukuta tu, lakini simu yake inakwenda kwa Salvatory. Salvatory akaanza salamu za Kisukuma: mwangaluka, umeamkaje, habari za nyumbani, ng'ombe, mtama. Apolonia naye hivyo hivyo, akaongeza wagonjwa. Kasmiri akaweka simu chini apime pamba ya mteja. Nimepata habari mchana. Mbuzi alishashiba, amelala.

Nyanjige aliniuliza kwa nini wasigonge ukuta tu. Nikamwambia ukuta si mtambo. Alicheka mpaka machozi. Ananipenda, hilo halina ubishi.

Alhamisi, 4 Julai

Nimepita duka kwa duka kupiga marufuku salamu kwenye simu. Weee! Apolonia aliuliza nimelelewa na nani. Salvatory alisema yeye hasemi na mkubwa wake bila kumwamkia, kama anafukuza kuku. Mzee Mboje alinitazama juu hadi chini, na hilo lilinitisha zaidi.

Marufuku nimeifuta. Tena nimeongeza: kila mtu atasalimia kwa niaba yake na ya wote waliomtangulia. Mzee lazima afurahi.

Jumamosi, 6 Julai

Siku yangu! Nimevaa suti ya Kaunda, nimekaa mbele ya simu. Kwa Mzee Mboje kuna wageni. Nasikia Anatoli amekuja na wajomba zake. Waje tu! Mimi nitaitwa kwa simu. Kwenda kwa miguu ni kuutukana mtambo wangu mwenyewe.

Kuna mtu anagonga ukuta kwa nguvu. Nimempigia kelele aache, nasubiri simu.

Mchana: vigelegele upande wa pili. Bila shaka wanausifu mtambo.

Jioni kengele ikalia. Kasmiri! Kwanza salamu za jioni: mwadila yake, mwadila ya Apolonia, ya Salvatory, ya Mzee Mboje. Nami naitikia kwamba ni salama: mhola, mhola, mhola. Halafu ndiyo ujumbe wa mzee, wa tangu asubuhi: watu wa Anatoli wamefika na ng'ombe, lakini Nyanjige anakutaka wewe, na mimi sina kinyongo. Njoo sasa hivi na wazee wako. Usipotokea nitajua hutaki.

Nilikimbia. Ng'ombe wa Anatoli walikuwa tayari zizini kwa mzee, wanakunywa maji. Nyanjige alinionyesha mkono wake uliovimba kwa kugonga. Akaniambia angalau Anatoli huwa anaitika. Nimelia, sioni aibu kusema.

Jumatatu, 8 Julai

Uji umenishinda mara mbili. Lakini akili haikulala, na kosa nimeliona: duara lilikuwa moja! Nitajenga mawili, moja lizunguke kulia, jingine kushoto. Salamu zitakwenda pande zote mbili. Ukutani nimepanga magunia ya pamba mpaka juu, kelele zisinisumbue tena.

Mzee Mboje amejitoa. Sawa. Apolonia ana binti, Milembe, na jana kanisani alinitazama vizuri. Nimeshaamua: safari hii Apolonia nitamweka wa kwanza baada yangu, kwa heshima.