Mto Igombe Ukutani kwa Wagonjwa wa Meno

Jumatatu, 15 Novemba 1971
Nimeitwa zahanati. Nesi Pelagia ana shida: wagonjwa wa meno wanatoroka kabla ya kuitwa. Wiki iliyopita walikimbia wanne. Anataka picha ukutani ya kuwatuliza. Kisha akasema jambo lililonipandisha joto: yeye yumo katika kamati ya sherehe za miaka kumi ya Uhuru, na mchoraji atakayewatuliza wagonjwa ndiye atakayepamba ukumbi. Ubaya ni kwamba amemwita na Kornel, mchora vibao wa sokoni, mtu asiyeweza kuchora kuku akasimama kwa miguu yake.
Nimepata wazo.

Jumanne, 16 Novemba
Wazo lenyewe: nichore Mto Igombe kwa udongo mwekundu, majivu na mkaa, kama bibi zetu walivyopamba kuta za nyumba. Halafu nimulike sinema ya maji juu yake. Mto wangu utiririke! Wenceslaus wa gari la sinema anayo filamu inayoanza na mto. Amekubali kuileta, sharti nimchore amevaa suti asiyokuwa nayo. Alitaka kunieleza filamu inahusu nini. Nikamwambia mto unanitosha.

Ijumaa, 19 Novemba
Nimemaliza ukuta. Mke wangu Swaumu kaniletea uji, katazama, kauliza barabara hiyo inaelekea wapi. Nimemweleza kwamba maji yatakuja na mwanga. Akasema sawa, akachukua bakuli lake.
Kornel naye katundika picha yake ukuta wa pili: mwanakondoo aliyelala. Mgonjwa mmoja kauliza kachinjwa lini. Nimecheka hadi nyumbani.

Jumatatu, 22 Novemba
Siku yenyewe. Madirisha ya chumba cha kungojea tumeyaziba kwa mablanketi. Wagonjwa sita, mashavu yamevimba. Wenceslaus akawasha mashine.
Mto ukatembea. Wallahi ulitembea! Maji yalipita juu ya udongo wangu, matete yangu ya mkaa yakawa kama yanatikisika. Hakuna aliyeguna. Bibi Apolinaria, aliyekwisha kutoroka mara mbili, aliondoa mkono shavuni.
"Hapa ndipo baba alipokuwa akituvusha mgongoni," akasema, "tukienda Nzega."
Dakika mbili hivi. Kisha akatokea mbung'o.
Kumbe filamu ni ya kuwatahadharisha watu juu ya malale, ugonjwa unaoenezwa na mdudu huyo. Mbung'o mkubwa kuliko ng'ombe akatua katikati ya Igombe, akaanza kufyonza mkono wa mtu. Bibi Apolinaria akamshambulia kwa mwavuli, plasta ya ukingo wa pili ikamomonyoka. Wale watano wakakimbilia mlango wa karibu, nao ni wa chumba cha mganga wa meno. Wakaufunga kwa ndani, wakauegemea. Mganga, mtu asiyepoteza nafasi, kang'oa meno matano.
Nimemwambia Nesi Pelagia kwamba kazi imefanyika. Akaenda kuyavua mablanketi madirishani.

Alhamisi, 25 Novemba
Ukumbi kapewa Kornel. Kamati imesema kondoo wake hajamdhuru mtu.
Nilikwenda kufuta ukuta. Nesi akanizuia. Tangu Jumanne wagonjwa wanautazama mto bila mashine na kungoja zamu zao; mmoja alisinzia mpaka akatikiswa. Bibi Apolinaria alikuwepo. Jino lake lilitoka jana, hana ugonjwa wowote, amekuja kukaa tu. Akaniomba nirudishe ukingo alioubomoa. Nikachora mbele yake, na njia ya kupandia kutoka majini.
"Uache hivyo hivyo, mwanangu," akasema. "Sasa tumevuka."
Nesi naye kasisitiza kwamba picha peke yake inatosha, sinema isije tena.

Ijumaa, 26 Novemba
Nimefikiri asubuhi nzima. Ikiwa mto uliosimama unatuliza watu namna hii, picha inayotembea itawafanya nini? Kosa lilikuwa mdudu. Na wodi ya wazazi inahitaji utulivu kuliko meno! Nitachora nyika, miti michache, reli nyembamba. Wenceslaus anayo filamu ya treni ya Kigoma. Safari hii nimeitazama mwenyewe mwanzo hadi mwisho: mdudu hamna. Treni inatokea mbali kabisa, ndogo kama siafu, inakuja moja kwa moja kwa watazamaji.