Mtihani wa Mtu wa Mlimani

Taifa linatangaziwa kwa furaha kwamba kuanzia sasa hakuna mtoto atakayepanda darasa kabla hajaona kina ndani ya picha. Ndivyo ilivyoamua Ofisi Kuu ya Kina na Umbali, yenye makao yake Gitega, baada ya kubaini kwamba karatasi zetu ni bapa mno kwa maendeleo.

Mimi Longino, Mkaguzi wa Karibu na Mbali, ndiye niliyebuni mtihani wenyewe. Picha ni moja: mimi niko mbele, Mkurugenzi Mkuu yuko nyuma kabisa, juu ya mlima. Mbele nilikaa kwa unyenyekevu tu, maana ukaribu lazima uanzie kwa mtu. Mtoto anaulizwa nani mkubwa. Jibu sahihi ni Mkurugenzi, ila yuko mbali. Anayemwona mdogo hana kina, na atakaa benchi la nyuma mwaka mzima. Kifungu cha mwisho kinasema sheria hii haichagui umri wala cheo. Mkurugenzi aliisaini faili ikiwa imefungwa, kama ilivyo desturi ya viongozi wenye imani.

Kule Muyinga, katika shule moja, tulimkuta Yasmina, wa kwanza darasani.

"Nani mkubwa?"

"Ni we. Ule wa mlimani iko kadogo."

"Tazama vizuri, yuko mbali!"

"Mbali wapi? Si iko kwenye karatasi hii hii?" Akanyoosha kidole. "Ona, namugusa."

Nikampeleka benchi la nyuma. Mama yake, Latifa mshonaji, akaja akilia.

"Muheshimiwa, huyu ndiye ananitungiaka uzi kwenye sindano! Haoni nini?"

Nikamweleza kwamba sindano haina kina. Roho iliniuma kidogo, lakini sera ni sera.

Wiki hiyo hiyo Mkurugenzi akaja shuleni hapo kukagua mafanikio. Watoto wakaimba, walimu wakapiga makofi. Ndipo akaiona picha ukutani kwa mara ya kwanza. Akaisogelea. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Longino," akasema, "kwa nini mimi ni mdogo kuliko wewe?"

Mwalimu akasoma kifungu cha mwisho, kisha akatazama sakafu. Mimi jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi.

Yasmina peke yake ndiye aliyekumbuka utaratibu. Alisogea pembeni, akapangusa benchi kwa kiganja.

"Karibu, Muheshimiwa. Hapa iko nafasi."