Makofi ya Mkurugenzi

Ilitangazwa rasmi, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari la serikali, kwamba Idara ya Mwafaka wa Sauti itatoa albamu ya kwanza ya tamasha la jazi, itakayorekodiwa mbele ya wananchi waliochangamka kwa hiari yao. Hiari hiyo ingeanza saa kumi jioni.

Wazo lilikuwa la Mkurugenzi mwenyewe. Jukwaani angeweka makundi mawili yasiyofanana hata chembe. La kwanza ni Bendi ya Vipimo na Mizani, kundi kubwa la wanaume wenye sare, waliopuliza tarumbeta kwa kusoma noti na kuvuta pumzi kwa amri. La pili ni wanawake watatu wa familia moja: Mama Saksafoni, mdogo wake wa piano, na wifi yao wa gitaa la besi. Hawa hawakusoma noti, na pumzi walivuta walipotaka. Wakipatana hao, nani tena atashindwa? Isitoshe, kiti cha Katibu Mkuu kilikuwa wazi. Mkurugenzi alikitaka kiti kile mpaka usingizi ulimpaa, na mkewe alikwisha kukishonea mto.

"Mama," alimwambia Mama Saksafoni kwenye kikao cha maandalizi, "wenzenu wameshaleta noti zao zote. Kwenu bado nasubiri maelezo ya yale mtakayobuni papo hapo."

"Baba, tukishayaeleza si papo hapo tena."

"Basi niambie kwa mdomo tu, kwa ufupi."

"Nikijua nitakachopiga, nitakuwa nimeshakipiga. Sasa jukwaani nije kufanya nini?"

Mkurugenzi, aliyejisifu kwa kusikiliza kila upande, akauruhusu ubunifu huo kwa sharti kwamba usimshtue mtu.

Siku ikafika, ukumbi ukajaa. Mkurugenzi alifungua tamasha kwa hotuba juu ya mwafaka, hotuba ndefu ambayo hata utangulizi wake ulikuwa na utangulizi. Alipomaliza, ukumbi ulikaa kimya. Mtu mmoja akakohoa, kisha akaomba radhi.

Halafu bendi ikaanza mwendo wake wa gwaride. Mama Saksafoni akaingia katikati ya mdundo ule kama mtu anayeingia jikoni kwake, akaupinda, akautania, akaurudisha ukiwa umelegea. Wanaume wa sare, Mungu awasamehe, wakaanza kutikisa mabega. Mmoja alivua kofia bila kibali. Watu walipanda juu ya viti, makofi hayasemeki, wakipiga kelele: "Rudia! Rudia! Toka mwanzo!" Hata Mkurugenzi mguu wake ulianza kucheza chini ya meza. Akaukanyaga kwa ule mwingine.

Kesho yake, studioni, alikisikiliza kile kikohozi, akaomba akisikilize tena. Kilimuuma sana.

"Waziri akisikia hivi, nimekwisha," alimwambia fundi mitambo. "Makofi yote kwa yule mama, kwangu hakuna. Mwafaka gani huo? Yachukue uyalete kwenye hotuba."

Fundi akajikuna kichwa. "Bosi, makofi haya yana watu ndani. Wanapiga kelele."

"Yalete na watu wao."

"Na kule kwa mama niweke nini?"

"Weka kikohozi."

Albamu ikatoka. Waziri aliisikiliza ofisini mwake, macho kayafumba, kisha akamwita Mkurugenzi, ambaye alifika na suti mpya.

"Nimekaa serikalini mpaka nimeota mvi," alisema Waziri, "sijapata kusikia wananchi wakidai hotuba irudiwe. Tena toka mwanzo. Mtu kama wewe nikikufungia kwenye kiti cha Katibu Mkuu, si nitakuwa nimewadhulumu?"

"Mheshimiwa, kiti hakinizuii kuhutubia."

"Acha unyenyekevu, ndugu yangu. Utazunguka na makundi yote mawili, mji kwa mji. Hotuba ni ileile, usipunguze hata nukta. Na wakikuomba urudie, rudia. Sisi ni watumishi wao. Kile kiti nimempa msaidizi wako, maana yeye hana kipaji."

Mkurugenzi alishukuru. Angefanya nini?

Katika mji wa kwanza, ukumbi ulijaa watu walioinunua albamu na kuishika yote kichwani. Mkurugenzi alisoma hotuba mpaka koo likamkauka, akafika mwisho, akashusha pumzi. Watu wakatazamana. Walijua kinachofuata.

"Rudia," akasema mmoja kutoka nyuma.

"Rudia! Toka mwanzo!" ukumbi mzima ukaitikia, watu wakishika mbavu.

Safu ya mbele, afisa aliyetumwa na Waziri aliitikia kwa kichwa, kwa heshima zote. Mkurugenzi akageuka pembeni ya jukwaa kutafuta msaada. Mama Saksafoni alikuwa amekaa juu ya sanduku la ala yake akisubiri zamu. Aliinuka, akamletea maji.

"Kunywa, baba," alimwambia taratibu. "Bora wewe, unajua utakachopiga."