Kahawa ya Kakule Yenye Haina Nguvu

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 6 mwezi wa kumi
Kwenye kituo cha afya infirmier alipima tension ya damu ya bwana yangu Kakule. Iko juu sana. Akasema kahawa basi, asikunywe tena. Kakule! Mutu alizaliwa katikati ya mikahawa ya Kasugho! Njiani alitembea kama mutu aliyefiwa. Mimi, hofu tupu. Batoto wane, bwana mumoja.

Siku ya pili, 7
Dada yake Kyakimwa alikuja kumupa pole. Chini ya kitenge: termosi ya kahawa. Eti kikombe kimoja hakiue mutu. Nilimuonyesha mulango, kwa heshima. Harufu ilitoka naye, Kakule akaifuata mpaka barabarani.

Siku ya tatu, 8
Akili imekuja. Kazini, pale ninachagua mbegu za kahawa, agronome Siméon, fundi wetu wa kilimo, alisema kuko kahawa yenye ilitolewa caféine, ile kitu inakimbiza moyo. Utamu unabaki. Munuzi mumoja alimuachia pakiti, akanipa. Nikatoa kahawa ya nguvu ndani ya mukebe wa Kakule, nikaimwanga hii. Pakiti nikachoma.
Mangaribi alijificha nyuma ya jikoni, akakunywa vikombe tano. Nikamusikia anasema peke yake: utamu wa chungwa na muwa. Anafikiri ananidanganya! Raha.

Siku ya ine, 9
Mukebe umeisha. Siméon hana ingine. Alisema kiwandani banatoa caféine kwa maji. Maji? Miaka kumi na mbili ninaosha kahawa, nani atanishinda? Siméon alisema hapana, kuko mashini, kuko makaa ya kuchuja. Mutoto huyu alisoma kupita kiasi. Nimelowanisha mbegu mbichi. Maji kumwanga, maji mapya. Mara kumi na mbili.

Siku ya posho, Jumamosi 11
Nimekausha, nimekaanga, nimesaga. Nikaonja: kitambaa cha kupangusa meza. Lakini Kakule, nilimwambia infirmier ameruhusu, akakunywa yote, akaomba ingine. Fahari! Kyakimwa alitema bustanini, akauliza kama nilichemsha mukeka.

Siku ya Mungu, 12
Baada ya misa Kakule aliniita. Alijua kahawa imebadilishwa tangu siku ya tatu.
“Mama Bénie, nimelima kahawa miaka makumi tatu. Ulimi wangu umelala?”
Nikauliza basi kwa nini alimaliza yale matope.
“Niliona vidole vyako, vimekunjamana na maji.”
Nililia kabisa. Akasema Siméon ameagiza pakiti zingine Beni, atakunywa hiyo tu, wazi wazi. Basi mimi niache kumuficha mambo, nimwambie tu. Nikaapa mbele ya Bikira Maria wa ukutani.

Siku ya kwanza ya juma, 13
Tension imeshuka! Kidogo, lakini imeshuka. Sasa infirmier anasema chumvi pia apunguze. Aliniambia mimi peke yangu, Kakule alikuwa anavaa shati.
Nimeficha chumvi yote chini ya unga wa muhogo. Nitasema barabara ya Kasindi, kule chumvi inapitia, imefungwa, chumvi imeisha muji wetu wa Butembo muzima. Nilimuomba Kyakimwa afiche yake pia. Alicheka mpaka akakaa chini, lakini akaificha.
Kakule hatajua.